Melk hadi Krems na watoto, kwa baiskeli

Wenzangu wenye watoto hapa Vienna wakiniuliza juu ya njia ya baiskeli ya mto Danube, wengi wanataka kuanzia Passau, Ujerumani, hadi hapa. Zaidi ya kilomita 300! Na mtoto wa miaka saba? Achaneni nayo. Chukueni kipande cha bonde la Wachau tu, Melk hadi Krems, kilomita thelathini na kitu, siku moja.

Anzieni Melk, ili mfuate maji yanakoteremkia. Asubuhi mnapanda garimoshi hadi Melk, jioni mnarudi kwa jingine kutoka Krems. Baiskeli nazo hukatiwa tiketi. Helmeti kwa mtoto wa chini ya miaka 12 ni sheria ya Austria, hata akiwa amebebwa kwenye kiti cha nyuma. Pampu, viraka na gundi msivisahau. Mimi nilivisahau siku moja, nikasukuma baiskeli yenye pancha huku mdogo amekaa juu yake kama bibi harusi.

Kutoka Melk shikeni ukingo wa kusini, ni mtulivu zaidi. Mtaona magofu ya ngome ya Aggstein juu kabisa mlimani. Kijana wangu alililia kupanda, nikakataa. Ngome ile ina siku yake.

Arnsdorf kuna pantoni. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimevuka kwenda Bweni mara nyingi kwa mngurumo na moshi wa dizeli, na sikujua kwamba pantoni inaweza kwenda bila injini. Hii imefungwa kwenye waya uliotandazwa juu ya mto; nahodha anailaza mshazari kidogo, mkondo wenyewe unaisukuma hadi Spitz, kimya. Ni dakika chache tu, lakini wanangu walikanyaga pedali tangu Melk bila manung'uniko kwa ahadi hiyo moja. Msiwaambie ni fupi.

Mkifika Spitz, kuleni. Julai ni msimu wa aprikoti: tunda zima ndani ya donge la unga, limeviringishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi.

Dürnstein shukeni msukume, watu ni wengi na mawe ya njia yanatikisa. Katika ngome ya juu alifungwa Mfalme Richard wa Uingereza, mwaka 1192. Kisa hicho kiwekeni akiba kwa kilomita za mwisho, maswali ya “bado?” yakianza. Krems fikeni mapema. Jumapili jioni nafasi za baiskeli kwenye garimoshi hujaa.