Mtama mwitu: ndugu wa mtama asiyealikwa shambani

Mkulima mmoja wa Ruangwa aliniuliza kama shayiri inaweza kulimwa kwao, maana amesikia viwanda vya bia vinainunua. Nilimwambia kuota itaota, kuzaa ndiyo kazi. Shayiri ni zao la baridi. Hapa nchini hustawi nyanda za juu, kama Monduli na Karatu. Joto letu la Februari na Machi lingeikausha kabla suke halijajaa. Nikamwambia arudi kwenye mtama. Akacheka: "Mtama gani, huu unaojiotea wenyewe kwenye kichuguu?"

Jibu lake lilinionyesha kwamba hatofautishi mtama na mtama mwitu, na hayuko peke yake. Wengi huuacha uote pembezoni mwa shamba kwa kuwa unafanana na zao, au kwa huruma tu: chakula hakitupwi.

Tofauti kubwa iko kwenye kikonyo cha punje. Nyasi ya porini hupukutisha mbegu zake mara zinapokomaa, la sivyo ukoo wake ungekwisha. Shayiri mwitu ya Mashariki ya Kati iko hivyo hivyo: suke linavunjika pingili kwa pingili. Watu walioishi kando ya ziwa Galilaya yapata miaka 23,000 iliyopita walikuwa wakiiokota na kuila, lakini ilichukua maelfu ya miaka mpaka wakulima wapate shayiri inayoshikilia punje hadi mvunaji afike. Mtama ulipitia njia hiyo hiyo huku Afrika, na alama za zamani kabisa za safari hiyo zimepatikana mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, zikiwa na zaidi ya miaka 5,000. Kwa hiyo ukiona suke limekomaa nusu na nusu nyingine iko chini, huo si uvivu wa mbegu. Ni damu ya porini.

Mtama mwitu una suke lililotawanyika, matawi yanalegea, punje ni ndogo na zimefungwa ndani ya makapi meusi au ya kahawia. Shina ni jembamba na linatoa machipukizi mengi. Tabu ni kwamba haya yote huonekana umeshachelewa. Mche wa wiki tatu wa mtama mwitu na wa mtama wako ni mapacha. Hata mimi siwezi kuapa. Ndiyo maana nasisitiza kupanda kwa mstari, sentimita 75 kati ya mistari na 20 hadi 30 kati ya mashimo. Kinachoota nje ya mstari hakina haja ya kujitetea, kinang'olewa kwenye palizi ya kwanza. Kwa anayerusha mbegu, hakuna palizi itakayomsaidia.

Kisha kuna machotara. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, ila upepo hubeba chavua ya kutosha kuuchanganya na ndugu yake. Chotara ni mrefu kupita wenzake, ana afya nzuri, na mkulima humpenda kwa hilo. Msimu unaofuata anapanda mbegu yake, na wa tatu anashangaa kwa nini nusu ya mavuno ameyaacha ardhini. Ukitaka kujihifadhia mbegu, chagua masuke katikati ya shamba, kamwe si pembeni, na ng'oa mtama mwitu wote ulio karibu kabla haujatoa maua. Mita 200 za usafi kuzunguka sehemu ya mbegu ni kazi, najua. Basi anza na upande unaotoka upepo.

Ukiung'oa, angalia mizizi. Kama kuna vijiti vyeupe vinavyotambaa chini ya ardhi, hiyo ni nyasi nyingine ya ukoo huo huo, na kila kipande kitakachobaki kitaota. Hiyo usiikate kwa jembe. Ichimbue, ikaushe juani juu ya mwamba.

Je, mtama mwitu hauna faida? Unayo. Sehemu nyingi za Afrika punje zake zimeokoa watu wakati wa njaa, na majani yake ni malisho. Lakini hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tangu mifugo ilipoanza kuhamia Lindi kwa wingi kuanzia 2006 suala hili limekuwa letu pia. Mtama wote, wa shambani na wa porini, ukiwa mchanga huwa na kemikali ambayo tumboni mwa ng'ombe hugeuka sianidi. Sumu huwa nyingi kwenye machipukizi mafupi na kwenye mmea ulionyauka kwa ukame na kisha kupata mvua, hali ambayo sisi huipata karibu kila mwaka baada ya kiangazi kifupi cha katikati ya msimu. Mnyama anahema haraka, anatoa povu, anaanguka, na anaweza kufa kabla hujampata wa kukusaidia. Usilishe majani mabichi ya mtama ambao haujapita kimo cha goti. Kata, anika mpaka yakauke vizuri, ndipo uyape mifugo.

Akina mama wanaotengeneza kimea cha togwa wanalijua jambo hili bila kuambiwa na mtaalamu: mtama ukishachipua unaanikwa, vichipukizi vinafikichwa na kupepetwa, kisha unga unapikwa. Sumu iko kwenye kile kichipukizi. Wanaoruka hatua ya kufikicha ili kupata uzito zaidi wa unga wanafanya mchezo mbaya.

Mtama mwitu pia ni nyumba ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, na ya funza wa mabua, kwa hiyo hata ukipanda mbegu bora jirani na kichaka hicho, umekaribisha wageni. Kwa mashamba yenye kiduha nashauri mbegu za mtama ziitwazo Hakika au Wahi, zilizotolewa nchini 2002. Zinatokana na kazi ya Mwethiopia Gebisa Ejeta, aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia 2009. Mizizi yake haitoi kwa wingi ile kemikali inayoamsha mbegu za kiduha. Mbegu ya Macia nayo ni nzuri, nyeupe na fupi, lakini haina kinga hiyo. Zungusha na ufuta, karanga au kunde: mazao haya huamsha kiduha kisha humnyima pa kunyonya, kinakufa njaa. Mbegu za kiduha hukaa ardhini miaka mingi, basi msimu mmoja wa ufuta usikudanganye.

Panda mara mvua za Desemba zinaposhika, kina cha sentimita tatu, usizidi tano. Kilo tatu hadi nne kwa eka zinatosha. Punguza miche ibaki mmoja au miwili kwa shimo wakati udongo una unyevu, wala usione uchungu.

Ndege ni habari nyingine. Kama kijiji kizima hakilimi mtama ila wewe, ndege wote ni wako, na dungu moja la kuamia halitoshi. Kubalianeni mpande wiki moja, muwe na masuke yanayokomaa pamoja. Wakati huo huo wa kuamia, kuanzia Aprili, mwambie mtoto aliyeko juu ya dungu akuonyeshe kila suke linaloinuka juu ya mengine, maana huenda ni lile la chotara. Anaona vizuri kuliko sisi tulio chini, na siku hiyo hiyo unalikata.