SOMO: Kifaa cha kichawi kikiwa na maelezo ya utata, amua hivi (nimechoka kuulizwa)

Wakuu habari za usiku. Wiki hii peke yake nimeulizwa na watu wanne kama ile kamba ya kichawi ya kwenye mchezo inaweza kumfunga mtu, na wa nne kanipigia nikiwa nakula. Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii halafu naendelea kula. Sisi tunacheza D&D toleo la tano (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu), Jumamosi usiku hapa Shangani, Mtwara, nimekuwa DM (mwendesha mchezo) miaka mitatu na makosa karibu yote nshayafanya.

1. Soma maelezo ya kifaa mpaka nukta ya mwisho.

2. Jua kitabu chako cha kanuni ni cha 2014 au cha 2024. Kunywa dawa ya kuponya kwa kitabu cha 2014 kunakula tendo lako zima la zamu hiyo, cha 2024 ni tendo la ziada tu. Nimeona watu wanabishana nusu saa kumbe kila mmoja ana kitabu chake.

3. Soma kwa Kiingereza chake kwanza, ndo utafsiri. Hapa ndipo nilipoharibu. Vitabu ni vya Kiingereza, sisi tunacheza Kiswahili, DM anasoma kimoyomoyo halafu anatamka anavyojua yeye. Ile kamba imeandikwa inamnasa "creature" unayemwona ndani ya futi 20, mi siku hiyo nikatamka "mnyama", nilikuwa na haraka, ming'oko ilishaletwa mezani. Wiki tatu baadaye dogo mmoja kabanwa na mkuu wa majambazi, kabakiwa na uhai 4, akatoa kamba yake akataja neno la kuiamrisha, nami nikamwambia haiwezekani, huyo ni binadamu siyo mnyama. Mhusika wake akafa, na alikuwa kamchora kabisa kwa kalamu za rangi nyuma ya daftari la hesabu. Kesho yake nafungua kitabu, kumbe "creature" kwenye huu mchezo ni kiumbe yeyote: mtu, joka, maiti inayotembea. Visivyoingia ni vitu tu, mlango, jiwe, mtumbwi. Jambazi alitakiwa arushe dadu afikishe 15, la sivyo kanaswa. Nilimuomba radhi dogo mbele ya wote ila hakurudi mezani mpaka msimu wa korosho ulipoisha.

TAHADHARI: mwenye kifaa asiwe ndiye anayewatafsiria. Na msichanganye "zamu" na "raundi", raundi ni sekunde 6 na ndani yake kila mtu ana zamu yake. Lile joho linalofanya adui akuone pembeni ya ulipo, ukiumia linazima mpaka mwanzo wa zamu YAKO, siyo mpaka raundi iishe.

4. Kanuni ya kifaa ikigongana na kanuni ya jumla, ya kifaa inashinda.

5. Kisichoandikwa hakipo. Kiroba (ndo tunavyouita ule mfuko usiojaa) kinabeba pauni 500, kama mifuko minne na nusu ya simenti. Hakuna palipoandikwa kwamba chakula hakiozi humo, kwa hiyo aliyeweka pweza siku tisa asinilaumu.

6. Dakika tano zimepita hamjaelewana? DM aamue, iandikwe daftarini, mchezo uendelee. Mkigundua mlikosea badilisheni kuanzia kikao kijacho, msifufue vita vilivyokwisha.

MASWALI

Wa Masasi: Mkuu kwa hiyo kamba inafunga mtu au haifungi?

JIBU: Hatua ya 3.

Wa Masasi: ndefu sana ile

JIBU: Ndo maana unauliza.

Wa Newala: Sasa dogo wa watu ulimfufulia mhusika wake au ulimuachia msiba?

JIBU: Hatua ya 6 naifuata hata mimi. Alitengeneza mhusika mpya, nikampa kamba ileile bure. Tuendelee.

Dada wa Lindi mjini: Pete ya kinga na joho la kinga nikivaa vyote najumlisha kinga zake?

JIBU: Unajumlisha dada, majina ni tofauti. Pete mbili za jina moja hapana. Ila vyote viwili lazima ufungamane navyo ndo vifanye kazi, sisi tunaita kufunga ndoa, kila kimoja saa nzima ya mapumziko, na mwisho ni vitatu, siyo vinne. Ukikiacha mbali zaidi ya futi 100 kwa saa 24, hiyo talaka.

Wa Mikindani: Ile fimbo isiyosogea, nikiibonyeza ndani ya jahazi linalotembea, inaganda na jahazi au na bahari?

JIBU: Swali la maana hili. Kitabu kinasema inaganda pale ilipo hata hewani, inahimili pauni 8,000, tani tatu na nusu na ushee, na wa kuisogeza kwa nguvu lazima afikishe 30. Imeganda kwa kulinganisha na nini, hakijasema, kwa hiyo ni ya DM. Mezani kwetu tuliamua ni ardhi. Jamaa akabonyeza akiwa kakaa tezi, jahazi likasonga, fimbo ikabaki na ubao wa tezi ukabaki nayo.

Wa Mikindani: Basi naifanya nanga.

JIBU: Hiyo nakuibia! Ila jahazi likiwa na shehena na mkondo ukivuta sana, uzito ukipita kiwango fimbo inajizima na kuzama, ujiandae kupiga mbizi.

Wa Masasi: vitabu bei gani

JIBU: Kanuni za msingi tangu Januari 2023 zipo bure kwenye leseni huria ya Creative Commons, hati inaitwa SRD 5.1 (ni zile za 2014), pakua tu. Umeme ukikatika uwe umeshapakua.

Dada wa Lindi mjini: Na dadu mnarushia wapi? Sisi kwenye mkeka ya pande 20 inasimama kwa ukingo kila mara.

JIBU: Sinia dada. Lile la bati, ndani tandika khanga kuukuu, vinginevyo kelele zake mtaamsha nyumba nzima.