Unataka kuwa kocha msaidizi wa basketi ya wanawake chuoni Marekani? Anzia huku

Kwanza sahau kuanzia juu. Wengi huingia kama graduate asistenti, yaani unasoma masters huku unafanya kazi kwenye timu, au unakaa kwenye chumba cha video unakata klipu mpaka macho yanauma. Si lazima uwe ulicheza Division I, yaani ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, ila inasaidia, tusidanganyane.

Kazi yenyewe sasa. Utapewa mpinzani mmoja mmoja wa kumchambua, unaangalia mechi zake kadhaa, unaandika nani anapenda kwenda kushoto, nani ukimwachia nafasi pembeni anakuchoma na pointi tatu, wanacheza nini wakitoka taimauti, halafu yote hayo unayabana yatoshe karatasi moja maana mchezaji hatasoma kurasa kumi, hata umbembeleze vipi.

Kusaka wachezaji ndiko kunakokuuza sokoni. Jifunze vizuri kalenda ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kuna vipindi huruhusiwi kukutana na mchezaji wa sekondari ana kwa ana, ukikosea unaiponza timu nzima. Na usiongee na binti peke yake, mama yake ndo mara nyingi mwenye uamuzi.

Kazi zinapatikana kwa kujuana, kwa hiyo nenda kwenye mkutano wa makocha, ule wa WBCA, chama cha makocha wa basketi ya wanawake, unaofanyika wakati wa Final Four, yaani nusu fainali na fainali ya ubingwa wa vyuo.

Subira pia. Jan Jensen alikuwa msaidizi pale Chuo Kikuu cha Iowa tangu 2000, ukocha mkuu kaupata 2024.