Krisanthemamu fupi? Angalia giza, si mbolea

Ukipanda krisanthemamu Limuru au Arusha ukaona vitumba vimetoka shina likiwa bado kimo cha kiganja, usikimbilie kuongeza mbolea. Ua hili huchanua usiku unapokuwa mrefu, na huku kwetu karibu na Ikweta usiku huwa na urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, na huo unalitosha. Kwa hiyo mche mdogo tayari unaona msimu umefika.

Dawa ni kuukata usiku katikati. Washa taa juu ya kitalu kuanzia saa nne hadi saa nane usiku, kila siku, mpaka shina lifike sentimita 25 au 30 hivi. Mwanga hauhitaji kuwa mkali, lakini uifikie mimea yote sawasawa. Pembeni palipo hafifu ndipo vitumba huanza kuchomoza mapema. Ukizima, hesabu wiki 7 hadi 10 kutegemea aina, kisha vuna.

Baada ya kuzima, giza liwe giza kweli. Taa ya mlinzi inayomulika upande mmoja wa shamba (nani huikumbuka?) inatosha kuchelewesha mistari yote iliyo karibu nayo.

Joto nalo lina neno lake. Usiku wa nyuzi 16 hadi 18 unafaa sana. Banda likipita nyuzi 30, maua huchelewa hata kama giza umelipanga vizuri, hivyo fungua pande za banda mapema, kabla jua halijawa kali.