Kuweka msimbo wa maisetoma: tafuta punje kabla ya kufungua kitabu

Faili limekufikia mezani, na kwenye sehemu ya utambuzi daktari ameandika "mguu wa Madura", basi. Hilo ni jina jingine la maisetoma, ugonjwa wa muda mrefu wa ngozi na nyama iliyo chini yake, unaoletwa na fangasi au bakteria. ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa, ina misimbo mitatu ya maisetoma. B47.0 ni ya fangasi. B47.1 ni ya bakteria, ile inayoitwa aktinomaisetoma. B47.9 ni maisetoma ambayo chanzo chake hakikutajwa. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayomtenga mgonjwa wa itrakonazo (dawa ya fangasi) kwa mwaka au zaidi, mara nyingi pamoja na upasuaji, na yule wa antibiotiki kama kotrimoksazo na amikasini.

Nilipoanza kazi hii kila "mguu wa Madura" niliupa B47.0. Nilijiambia kwamba kundi zima la B47 limo kwenye sehemu ya magonjwa ya fangasi, kwa hiyo sikosei. Mkaguzi alinirudishia mafaili, na haki ilikuwa yake. B47.1 imewekwa kwenye sehemu hiyo ya fangasi ingawa kisababishi chake ni bakteria, na jina "mguu wa Madura" peke yake linakupeleka B47.9.

Hatua ya 1: Soma faili lote. Unatafuta mambo matatu yanayokwenda pamoja: uvimbe chini ya ngozi, kwa kawaida usiouma, matundu yanayotoa majimaji au usaha, na punje ndani ya usaha huo. Andika pembeni pia mguu ni wa kulia au wa kushoto, uvimbe una sentimita ngapi na umeanza lini. Ugonjwa huu hutembea polepole kwa miezi na miaka, kwa hiyo "siku tatu" kwenye faili ni sababu ya kusoma tena.

Hatua ya 2: Angalia punje zimeelezwaje. Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Punje ni makundi ya vimelea vyenyewe, na rangi yake inasema mengi. Nyeusi ni za fangasi, hasa Madurella mycetomatis. Nyekundu hutoka kwa bakteria Actinomadura pelletieri. Nyeupe na za njano ndizo zinazotutesa, kwa sababu pande zote mbili huzitoa. Za Nokadia, bakteria mwingine wa maisetoma, huwa ndogo mno, hata jicho huzikosa, kwa hiyo "hakuna punje zilizoonekana" si sawa na "hakuna maisetoma".

Ila tuelewane, mwenzangu: rangi ni ya kukufanya uulize. Si ya kukufanya uandike msimbo. Ukisoma "punje nyeusi" bila daktari kutaja chanzo, bado huna B47.0. Wewe si mtabibu, hata kama umeona mafaili mengi kuliko yeye.

Hatua ya 3: Fungua ripoti ya maabara, kisha uangalie sampuli ilichukuliwa wapi. Kipande cha nyama kilichotolewa ndani kabisa kina uzito. Pamba iliyopitishwa juu ya tundu mara nyingi huotesha bakteria wa kawaida wa ngozi, na nimeona Staphylococcus aureus akigeuzwa kuwa ugonjwa mkuu kwa sababu tu jina lake ndilo lililochapwa kwenye ripoti. Daktari akisema kidonda kimepata maambukizi ya pili, yaandike kama ya pili. Asiposema, yaache.

Ukikutana na Nokadia usikimbilie A43, wala neno "aktino" lisikupeleke A42. Misimbo hiyo ni ya nokadiosisi na aktinomaikosisi, magonjwa mengine. Daktari akiandika aktinomaisetoma iliyosababishwa na Nokadia, ni B47.1.

Hatua ya 4: Muulize daktari, kwa maandishi, bila kumwekea jibu mdomoni. Mimi huandika hivi:

"Ripoti ya nyama iliyokatwa inataja nyuzi za fangasi ndani ya punje. Utambuzi kwenye faili ni mguu wa Madura. Tafadhali taja chanzo cha maisetoma kwa kadiri unavyoona, au andika kwamba bado hakijulikani."

Swali la "niandike B47.0?" litajibiwa "ndiyo" na daktari mwenye haraka, na ukaguzi ukija utabaki wewe na hiyo "ndiyo" yako. Jibu lisipopatikana, B47.9 ni msimbo halali. Usiuonee aibu.

Hatua ya 5: Mfupa. Picha ikionyesha mfupa umeliwa na daktari akauhusisha na maisetoma, kwenye toleo la Shirika la Afya Duniani unaweka misimbo miwili: B47 yenye alama ya msalaba (chanzo) kwanza, kisha M90.2 yenye nyota (mfupa ulioathirika). Kwa kifundo na unyayo, namba 7 huongezwa mwishoni mwa M90.2. Nchi yako ikitumia toleo lake yenyewe, hakiki humo, kwa sababu toleo la Marekani halitumii alama hizo.

Hatua ya 6: Madhara ya dawa. Amikasini inaweza kuharibu usikivu. Daktari akiandika kwamba masikio yameathirika kwa dawa hiyo, weka H91.0 (usikivu uliopotea kwa dawa) na Y40.5 (madhara ya antibiotiki za kundi la amikasini). Hii husahaulika sana, maana malalamiko ya masikio huwa yamejificha kwenye maelezo ya muuguzi.

Hatua ya 7: Ziara za baadaye. Anayeendelea na dawa bado ana B47, hata uvimbe ukiwa umenywea. Aliyekatwa unyayo ana Z89.4, na aliyekatwa chini ya goti Z89.5. Lakini kukatwa hakufuti B47 papo hapo. Soma kama daktari ameandika kwamba ugonjwa umekwisha, au kama kuna tezi za kinena zilizovimba ambazo bado anazifuatilia.