Maneno ya Kiingereza yanayoanza na un-, in-, dis-: jinsi ya kupata maana bila kukariri

Wadau habari zenu, hili somo naliweka kwa sababu wengi tunakariri haya maneno moja moja, mtihani ukileta jipya tunakwama, wakati njia ipo.

Hatua ya 1: kata hiyo un- uone kinachobaki. Ikibaki sifa, mfano unhappy inabaki happy, unakanusha tu, asiye na furaha. Ila kikibaki kitendo mambo yanabadilika na hapa ndo watu wanapotea, untie sio kutofunga, ni kufungua, yaani kilishafungwa na wewe unakirudisha kilivyokuwa. Si tunayo hii hii kwetu jamani, funga fungua, kunja kunjua, ziba zibua, basi ukikutana na unlock, unfold, unblock tafuta hiyo -ua ya mwisho.

Hatua ya 2: in- inafuata herufi ya mbele yake. Kabla ya p, b na m inakuwa im-, ndo impossible, imbalance, immature. Kabla ya l ni illegal, kabla ya r ni irregular. Jaribu kutamka inpossible haraka haraka utasikia midomo inajifunga yenyewe kwenye m. Un- haigeuki, ndo maana ni unlawful.

Hatua ya 3: mis- ni kufanya ndivyo sivyo. Misunderstand ameelewa, ila kaelewa vibaya.

Hatua ya 4, hii naomba muishike kabisa: sio kila in- inakanusha. Inflammable maana yake KINASHIKA MOTO UPESI, sawasawa na flammable, imetoka kwenye inflame, kuwasha. Ukiiona kwenye dumu la thina weka kiberiti mbali. Invaluable nayo isikuchanganye, in- yake inakanusha, ila inakanusha kukadirika, yaani thamani yake haikadiriki, ndo maana ni chenye thamani kubwa mno.

MASWALI

Mkuu, uninterested na disinterested si kitu kimoja?
Hapana. Uninterested hana hamu na jambo lenyewe. Disinterested hana maslahi upande wowote, kama refa anavyotakiwa awe. Mtaani hata Wazungu wanazichanganya ila kwenye insha zitenganishe.

Ticha, unlockable je?
Swali zuri sana hili. Ina maana mbili: kinachoweza kufunguliwa, au kisichoweza kufungwa, inategemea un- umeiunganisha na lock kwanza au na lockable. Sentensi ndo itakwambia.

Na non- inatofautianaje na in-?
Non- inasema tu hayumo kwenye kundi, haimhukumu. Mbuzi ni non-human, hana kosa lolote. Anayetesa watoto ndo inhuman.