Kuhamisha mizinga ya nyuki umbali mfupi bila kupoteza kundi

Kuwatoa nyuki Sikonge ukawapeleka Urambo ni rahisi kuliko kuwatoa upande huu wa shamba ukawapeleka upande ule. Huko mbali wakitoka asubuhi hawaoni mti wanaoujua, hivyo wanaanza kujifunza upya. Ukiwasogeza mita mia mbili, wanaitambua miyombo yao, wanakwenda mauani kama kawaida, kisha wanarudi palepale mzinga ulipokuwa jana. Wanakuta patupu, wanazunguka hadi jua linazama. Ndiyo maana wafugaji husema sogeza chini ya mita moja, au peleka zaidi ya kilomita tano.

Sisi wa huku Tabora mara nyingi tunalazimika kuhamisha katikati ya vipimo hivyo: jirani amejenga, au njia ya watoto wa shule imepita karibu na manzuki, yaani mahali tunapoweka mizinga. Kama unachokimbia ni dawa za shamba la tumbaku, acha kwanza. Nyuki anatafuta chakula hata kilomita mbili, tatu, kwa hiyo mita mia mbili hazitamwokoa.

Ukiwa na gari, wapeleke mbali wiki tatu kisha uwarudishe moja kwa moja kwenye kituo kipya. Ile njia ya kusogeza mita moja kila siku siipendi. Nyuki wetu si wapole. Ukiwatikisa kila jioni wanaukimbia mzinga, wanakuachia masega matupu.

Mimi nahamisha mara moja, usiku, wakati wa mvua. Ikinyesha siku mbili mfululizo nyuki wanakaa ndani, na wakikaa ndani kumbukumbu ya mahali inalegea. Oktoba usithubutu. Joto la Tabora mwezi huo linalainisha nta, na mzinga uliozibwa unageuka tanuri: masega yanaanguka, kundi linakufa. Chagua pia kundi lenye majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya masega, maana halitawaacha kirahisi. Kama mzinga ni mzito wa asali, vuna, halafu subiri kama wiki moja ili nyuki wayashikize masega upya.

Kituo kipya kiandae mapema: kivuli, maji karibu, waya wa kuning'inizia uliopakwa grisi dhidi ya sisimizi. Mlango utazame ulikotazama zamani, na urefu kutoka chini usibadilike sana.

Giza likishaingia na wote wakiwa ndani, puliza moshi kidogo mlangoni, ziba kwa wavu wa dirisha ili hewa ipite, na nyufa nyingine zibe kwa udongo mbichi. Funga mzinga kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Tochi ifunikwe plastiki nyekundu, kwa sababu nyuki haoni rangi nyekundu; ukiwasha tochi nyeupe, wote waliobaki nje wanakufuata usoni. Baiskeli yenyewe iache nyumbani. Mzinga wa sanduku, hasa ule ambao masega yananing'inia kwenye vijiti vya juu, ubebwe na watu wawili kwa miti miwili kama machela, taratibu, bila kuinamisha. Mzinga wa gogo unavumilia zaidi, ila weka alama ya chaki upande wa juu, usije ukaugeuza masega yakalala.

Ukishautundika, subiri utulie. Kabla hakujapambazuka funika mlango kwa tawi lenye majani mengi, kisha toa wavu. Hili tawi ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko yote. Nyuki akitoka anagongana na majani, anajua kuna kitu kimebadilika, na badala ya kuruka moja kwa moja anageuka, anautazama mlango, anapiga viduara vinavyopanuka. Hapo anajifunza. Liache hadi lisinyae lenyewe. Ikiwa mvua inaendelea, unaweza kuchelewesha kufungua hadi siku ya pili, si zaidi.

Wapo watakaorudi kituo cha zamani hata hivyo. Ng'oa nguzo na waya, kata vichaka, pabadilishe sura. Weka hapo sanduku dogo lenye kipande cha sega kuukuu. Jioni wanakusanyika ndani, nawe unalibeba hadi mzinga wao. Rudia hadi jioni utakapokuta sanduku halina mtu. Kama una kundi dhaifu la kubaki pale, ni bora zaidi: linawapokea wapotevu, linapata nguvu bure. Siku hizo waambie majirani wafunge mbuzi mbali, kwa sababu nyuki asiye na kwao anauma bila kuulizwa.

Usifungue mzinga wiki ya kwanza, hata kama moyo unakusukuma. Simama mbali uwatazame mlangoni asubuhi. Wakiingia na chavua miguuni, wana majana wa kulisha. Wakiingia mikono mitupu siku nyingi mfululizo, hapo ndipo uvae mavazi yako, uwashe bomba la moshi, ukamtafute malkia.